Onyesho la jukwaani au milonga: tango ya Buenos Aires ukaionee wapi?

Ukiuliza mapokezi ya hoteli yako ya Buenos Aires pa kuona tango, utapewa kipeperushi: mwanamke wa gauni jekundu lililopasuliwa pembeni, mwanamume wa kofia iliyofunika jicho moja, na bei ya dola. Mwulize swali hilohilo mwalimu wa tango. Atakutajia ukumbi wa ghorofani kwenye mtaa usio na taa nyingi, au klabu ya michezo huko Villa Urquiza, na atakuonya usifike mapema. Cha kwanza ni onyesho, cha pili ni milonga, yaani mkusanyiko wa watu wanaokuja kucheza tango wenyewe. Vyote vinaitwa tango, ila aliyelipia kimoja akitarajia kingine hurudi hotelini amenuna.

Nimekaa kwenye vyote viwili. Vyote vimenifurahisha na vyote vimenichosha. Haya nayaandika kwa msafiri mwenye usiku mmoja au mitatu mjini humo, asiyejua kucheza hata hatua moja, na ambaye hataki kutupa pesa.

Watu husema tofauti ni kwamba onyesho ni la watalii na milonga ndiyo "halisi". Siikubali sana kauli hiyo, maana milonga za mtaa wa Palermo nazo zimejaa Wajerumani na Wajapani. Tofauti ninayoiona mimi ni nani anayechezewa. Kwenye onyesho kila mguu unaonyanyuliwa unanyanyuliwa kwa ajili yako uliyeketi. Kwenye milonga hakuna anayejali kama unatazama, na ukitazama sana unaweza kusababisha jambo, kama nitakavyoeleza. Jiulize kwanza kama unataka kutumbuizwa au unataka kuingia nyumba ya watu. Ukishapata jibu, mengine ni anwani tu.

Onyesho

Kumbi za maonyesho ni nyingi, na zinafanana kuliko zinavyopenda kukiri. El Viejo Almacén iko San Telmo, na ilianzishwa mwaka 1969 na mwimbaji Edmundo Rivero. Esquina Carlos Gardel iko Abasto, mtaa aliokulia Gardel mwenyewe, mwimbaji mashuhuri wa tango. Rojo Tango iko ndani ya hoteli ya Faena kule Puerto Madero, na ndiyo ya wenye nazo. Utaratibu karibu ni uleule: gari linakufuata jioni, mnapitia hoteli nyingine kadhaa kuokota wenzenu, mnaketishwa, inaletwa nyama ya ng'ombe na mvinyo wa Malbec, halafu mida ya saa nne usiku taa zinafifia.

Ninachokitetea bila kigugumizi kwenye maonyesho ni bendi. Milonga nyingi huchezesha rekodi, zaidi za miaka ya 1930 hadi 1950, na DJ ndiye mfalme. Kwenye onyesho unamwona kwa macho yako mpiga bandoneoni, chombo cha mfano wa kodiani. Chombo hicho kilitoka Ujerumani katika karne ya 19, na cha kawaida kina vitufe 71. Kitufe kilekile hutoa sauti moja ukivuta na sauti nyingine ukisukuma. Mpigaji hutandika kitambaa juu ya mapaja, hufungua chombo taratibu, na ukikaa meza za mbele unasikia hewa ikiingia kabla ya noti yenyewe. Aliyezoea kusikia tango kwenye spika za simu hajui kwamba muziki huu una pumzi. Kwa sababu hiyo peke yake simcheki mtu anayekwenda kwenye onyesho.

Na wachezaji ni wazuri kweli. Kila Agosti mji huandaa mashindano ya dunia ya tango, yaliyoanza mwaka 2003, na yana makundi mawili. Kundi la jukwaani, Tango Escenario, linaruhusu kurushana, kuruka na kuachana mikono. Kundi la sakafuni, Tango de Pista, haliruhusu kuruka, na wawili waliokumbatiana hawaachani muziki ukiwa unaendelea. Unachokiona kwenye onyesho ni aina ya kwanza: mwanamke anapita juu ya bega la mwenzake, mateke yanachomeka katikati ya miguu kwa kasi ambayo jicho halifuati. Baada ya nusu saa mimi huwa nimetosheka. Kila wimbo unaishia kwenye kilele, na kilele cha kumi hakikushtui tena.

Wenyeji wanaoyabeza maonyesho wanasahau deni moja. Tango ilipokuwa imedorora nyumbani, ni onyesho la jukwaani, *Tango Argentino*, lililofunguliwa Paris mwaka 1983 na kufika Broadway mwaka 1985, ndilo lililowafanya wageni waanze kupanda ndege kuja kujifunza. Kumbi kadhaa zinazojiita za kienyeji leo zinaishi kwa viingilio vya wageni hao.

Kasoro kubwa ninazoziona kwenye maonyesho ni mbili. Ya kwanza ni chakula. Argentina ni nchi ya nyama, na migahawa midogo ya nyama choma iko kila mtaa. Hakuna sababu ya kula steki iliyokaangwa kwa ajili ya watu mia kwa mpigo. Kumbi nyingi huuza onyesho bila chakula. Chukua hilo, kula kwanza mtaani, na tofauti ya bei itakupa siku nyingine nzima ya matembezi. Café Tortoni, mgahawa wa tangu 1858 pale Avenida de Mayo, una maonyesho madogo chini ya ardhi ambako uko karibu na wachezaji kiasi cha kusikia viatu vyao vikikwaruza mbao. Kama ni onyesho moja tu, mimi ningechagua dogo namna hiyo kuliko jukwaa la manyoya na moshi.

Ya pili ni hadithi inayosimuliwa. Maonyesho mengi yana mpangilio wa kihistoria: bandari, wahamiaji Waitaliano, danguro, kisu, Gardel, kisha mtunzi Piazzolla. Unaketi ukisubiri watu weusi watokee, na hawatokei, au wanapita kwa ngoma ya sekunde chache. Ilhali sensa ya mwaka 1778 ilikuta karibu theluthi moja ya wakazi wa Buenos Aires wana asili ya Afrika, na Monserrat na San Telmo, mitaa ileile yenye maonyesho leo, ilikuwa na ngoma zao. *El Entrerriano*, mojawapo ya tango za mwanzo zinazojulikana mtunzi wake, ni ya mpiga piano mweusi, Rosendo Mendizábal, mwaka 1897. Horacio Salgán, mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa wa muziki huu, naye wa asili hiyo, alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 100. Siku hizi Waafrika utakaowaona mjini kwa urahisi ni Wasenegali wanaouza saa na miwani kando ya barabara mtaa wa Once. Mimi nilidhaniwa Mbrazili karibu kila nilipoingia. Si jambo la kukuharibia safari, ila usiende kwenye onyesho ukidhani utasimuliwa habari hiyo.

Milonga

Kwanza jambo linalowapoteza wageni: ukumbi una jina lake na milonga ina jina lake. Salón Canning ni jengo la Palermo, barabara ya Scalabrini Ortiz. Parakultural ni milonga inayotumia jengo hilo usiku fulani. Usiku mwingine mwandalizi ni mwingine, DJ ni mwingine, hata umri wa watu unabadilika. Kwa hiyo orodha ya kumbi iliyo kwenye kitabu cha mwongozo haikusaidii sana. Tafuta Hoy Milonga mtandaoni, inaonyesha zilizopo siku hiyohiyo, saa na anwani.

Saa nazo zitakutesa. Buenos Aires iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa sita. Milonga ya usiku huchangamka saa sita usiku, wakati mwili wako unaapa kuwa ni saa kumi na mbili asubuhi. Ndege ya Ethiopian kutoka Addis Ababa hutua São Paulo kwanza, kwa hiyo unafika umeshakunjika. Siku za mwanzo nenda kwenye milonga ya alasiri. Kumbi kama El Beso na Lo de Celia zimezoeleka kwa hizo. Wachezaji wengi ni wazee, na kwa kutazama tu, hawa ndio walimu.

Ukiingia hujichagulii kiti. Mwenyeji anakupokea, anakupima kwa jicho moja, na anakupeleka mezani. Kwenye zile za kizamani wanaume wanakaa upande mmoja na wanawake upande wa pili, sakafu ikiwa katikati. Muziki huja kwa mafungu: tanda moja ni nyimbo tatu au nne za bendi ileile, halafu inapigwa cortina, kipande kifupi cha muziki ambao si tango, na sakafu inaachwa tupu. Hapo ndipo unapotakiwa kuwa macho.

Cortina inakatika na zinasikika noti za kwanza za bendi ya Di Sarli. Vichwa vinanyanyuka. Mama wa miaka sabini hivi, aliyekuwa akijipepea, anaacha kujipepea na kumkazia macho mtu mmoja upande wa pili. Mzee wa suti ya kijivu anainamisha kidevu kidogo sana. Mama naye anainamisha. Mzee anafunga kifungo cha koti, anavuka sakafu bila kumwachia kwa macho, na mama hanyanyuki mpaka mzee awe amesimama mbele yake, maana huenda aliyeitwa ni wa meza ya nyuma. Hakuna neno lililotamkwa. Kwetu kwenye ukumbi wa dansi unaifuata meza, unanyoosha mkono, na dada akikataa meza nzima imeona. Huku aliyekataliwa hajulikani: macho yaligeuka tu, basi. Utaratibu huu unaitwa cabeceo, na mimi naona ni adabu ya hali ya juu. Pia ndiyo sababu ya kutokodolea watu macho mwanzoni mwa tanda kama huna nia ya kucheza.

Wakishakutana hawaanzi mara moja. Wanasimama, wanaongea mawili matatu wimbo ukiwa umeshaanza, kisha wanakumbatiana kifua kwa kifua na kuingia kwenye mzunguko unaokwenda kinyume na mishale ya saa. Hakuna teke linalopita goti. Wengi wa wanawake wamefumba macho. Wawili wenye ustadi wanaweza kumaliza wimbo mzima ndani ya hatua chache za mraba, na ukiwatazama miguu hukuti kitu. Utazame mgongo wa mwanamke na kiganja cha mwanamume kilicholala pale. Anayesema "gracias" (asante) katikati ya tanda amesema inatosha, na mwenzake atachukia.

Sasa upande wa uchungu. Milonga inaweza kuwa baridi kuliko sehemu yoyote ya starehe niliyowahi kuingia. Kanuni zilezile zinazomkinga anayekataa ndizo zinazomfuta asiyechaguliwa. Nimewaona wanawake waliovuka bahari kwa ajili ya tango wakikaa tangu tanda ya kwanza hadi ya mwisho, viatu vya dola mia miguuni, bila jicho moja kuwatua. Wasichana wanaitwa hata kama hawajui. Wengine huishia kukodi mchezaji wa kulipwa kwa saa, kazi inayotambulika kabisa mjini humo, na sioni aibu yake. Mwanamume mgeni naye akikosea mzunguko akawagonga watu wawili, hataambiwa kitu, ila usiku huo amekwisha.

Asiyecheza anaruhusiwa kukaa, kunywa na kutazama. Aombe tu meza ya nyuma au ya karibu na baa, asizibe meza ya mbele wakati wachezaji wanaihitaji. Kamera iache mfukoni: watu wengine hawako pale na wenzi wao wa nyumbani.

Kama ni milonga moja tu ya kutazama, chaguo langu ni Jumamosi kwenye klabu ya mtaani huko Villa Urquiza, hasa Sunderland. Ni kiwanja cha mpira wa kikapu cha ndani, vikapu vyenyewe viko juu, taa ni kali, meza zimetandikwa vitambaa, na familia zinakula pizza huku babu zao wakicheza tango bora kuliko utakayoiona kwenye jukwaa lolote. Hakuna urembo wowote. Ni mbali na katikati ya mji, na kurudi ni teksi.

Kati ya onyesho na milonga, kwa asiyejua kucheza

Hapa ndipo ningempeleka rafiki yangu. La Viruta iko chini ya jengo la jumuiya ya Waarmenia, Palermo, kwenye barabara iitwayo Armenia. La Catedral iko Almagro, ghala la zamani lenye dari refu, viti visivyofanana, chakula kisicho na nyama na mwanga hafifu. Zote mbili hufundisha wanaoanza kabla milonga haijaanza. Unaingia na raba zako na jinzi, unapangwa duara, unafundishwa kutembea. Kutembea tu. Ni vigumu kuliko inavyosikika, kwa sababu unatembea na kifua cha mtu usiyemjua kikiwa kimegusana na chako, na mmoja wenu anarudi kinyumenyume.

Wachezaji waliobobea huziponda sehemu hizi: sakafu ina mashimo, wanafunzi wa saa moja iliyopita wanagongana, La Viruta inachanganya salsa na rock katikati ya tango. Ni kweli. Lakini saa moja ya somo hubadilisha macho yako. Ukishajua ugumu wa kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine bila kuyumba, unapomtazama yule mzee wa suti ya kijivu unaona kitu ambacho jana usingekiona. La Catedral ina wageni wengi na wapiga picha; La Viruta ina vijana wa mjini wanaokaa hadi alfajiri wakila medialuna (vimkate vya umbo la mwezi mwandamo) na kahawa. Mwenye aibu aanze La Catedral, giza lake linasitiri.

Kuhusu viatu: soli ya raba inang'ang'ania sakafu na magoti yatakulaumu. Soli ya ngozi, hata ya kiatu cha kawaida cha ofisini, inatosha kwa mwanzo.

Ya bure barabarani

Caminito, mtaa wa La Boca wenye nyumba za mabati ya rangi, nitaumaliza haraka. Sura yake ya leo ni kazi ya mchoraji Benito Quinquela Martín, na ulifunguliwa kama makumbusho ya barabarani mwaka 1959. Michoro ni mizuri. Tango ya pale ni wachezaji mbele ya migahawa, wapiga debe wa kukuvuta mezani, na binti wa kukuwekea mguu kiunoni mpige picha kwa hela. Nenda mchana, angalia rangi, pita uwanja wa Boca Juniors, ondoka kabla ya giza.

Plaza Dorrego, San Telmo, siku ya Jumapili ni habari nyingine. Mchana soko la vitu vya kale linajaza barabara ya Defensa hadi huwezi kupita. Meza zikishakunjwa jioni, watu wa mtaa hucheza hapohapo uwanjani. Kuna pia La Glorieta, kibanda cha bendi kwenye bustani ya Barrancas de Belgrano, ambako watu hucheza jioni na kofia hupitishwa kwa mwenye chochote. Wachezaji ni mchanganyiko, wabovu na hodari, wenye visigino na wenye sendo. Kwa mtu mwenye watoto, au asiyependa kukaa usiku, hapa panatosha na hakuna atakayekuuliza kiingilio.

Pesa

Bei sizitaji, maana mwaka 2023 mfumuko wa bei nchini humo ulizidi asilimia 200, na tarakimu ya peso huchacha haraka. Chukua uwiano: kwa bei ya onyesho moja lenye chakula unaweza kuingia milonga kila usiku wa wiki na ukabaki na nauli. Somo la La Viruta au La Catedral ni sawa na kiingilio cha milonga au zaidi kidogo. Onyesho bila chakula liko katikati, karibu zaidi na upande wa ghali.

Mkiwa wawili

Swali la wanandoa huja sana. Onyesho ni rahisi kwao: wanakaa pamoja, wanashikana mikono, yamekwisha. Kwenye milonga ya kizamani mwanamke na mwanamume wakiketi meza moja huhesabiwa kuwa ni wa pamoja, na hakuna atakayemwita yeyote kati yao. Kama hamchezi, hiyo ni kinga nzuri, mtatazama kwa amani hadi mchoke. Kama mmoja wenu anacheza na anataka kuitwa, mwambieni mwenyeji mlangoni kabla hajawaonyesha viti, aketi mbali na mwenzake. Na anayebaki amekaa asikasirike akiona mwenzake amekumbatiwa na mtu wa miaka themanini kwa nyimbo nne mfululizo: cortina ikilia, mzee atamrudisha hadi kwenye kiti chake.